Maboya, pweza na joto: shajara ya mradi wa mwamba wetu, kusini Unguja

Novemba 2023

Kikao cha kamati ya wavuvi kilianza alasiri kikamalizika baada ya isha. Tumekubaliana: fedha za mradi zitaanzia kwenye maboya ya kufungia boti, zisitupe nanga. Mfadhili alitaka bustani ya matumbawe, yaani kupandikiza vipande vya tumbawe vikue upya, itangulie. Tumemjibu kwamba bustani itakuwepo, ila ndogo, na itafuata nyuma.

Hesabu yetu ni nyepesi. Tumbawe la matawi, likipata maji mazuri, hurefuka kiasi cha sentimita 10 kwa mwaka. Lile la mviringo, ambalo wazee huliweka alama ya kuvulia, huongezeka sentimita 1 hivi. Jabali la urefu wa mtu, basi, limeanza kukua kabla babu zetu hawajazaliwa, na nanga ya boti ya watalii hulichana mbavu mara moja tu ikishuka vibaya. Kupandikiza huku nanga zinaendelea kudondoka palepale ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kwa wasiopajua kwetu: tupo ndani ya eneo la hifadhi la Ghuba ya Menai, lililotangazwa mwaka 1997. Mwamba una watumiaji wengi, na kila mmoja humtupia lawama mwenzake. Wapo wavuvi wa dema na mshipi. Wapo kina mama wa pweza. Zipo boti zinazoleta wageni kutazama pomboo, kisha kuwashusha waogelee juu ya matumbawe. Na wapo wanaokuja na juya, wavu wa kukokota, au kibaya zaidi, kigumi. Kigumi ni nyavu kuzungushwa kwenye mwamba, kisha watu wanaingia ndani ya duara na kuupigapiga mwamba kwa miti na vyuma hadi samaki watoke mafichoni. Imekatazwa miaka mingi, bado inafanyika. Baruti sisi tunaijua kwa kusimuliwa na wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam. Waliyoyaona wao chini ya maji ni kifusi kitupu, na kifusi hakitulii. Kila wimbi linakigeuza, na mtoto wa tumbawe akitua juu yake anasagwa kabla hajashika.

Kamati ya wavuvi ya shehia imepitisha mambo matatu: maboya, kufunga sehemu ya mwamba kwa pweza, na bustani. Bwana diko, yaani msimamizi wa pwani ya kushushia samaki, ameandika muhtasari, sheha ametia saini.

Disemba 2023: maboya

Nitaeleza kwa kirefu kidogo tulivyolitengeneza boya, kwa sababu vijiji viwili vimeshaulizia.

Chini ni zege. Tulikata mapipa ya plastiki tukayafanya kalibu, tukamimina zege ufukweni, na katikati tukazamisha nondo iliyokunjwa kuwa pete. Kamba haifungwi moja kwa moja kwenye pete, maana chuma kinaitafuna. Tunaivisha kwanza kipande cha mpira wa maji pale inapogusana na chuma. Juu ya hapo ndipo penye siri yote. Bamvua la kwetu, maji ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupandisha na kushusha maji hadi mita 4. Kamba ukiikata fupi, maji yakijaa boti inalinyanyua zege. Ukiiacha ndefu, maji yakitoka kamba inalala chini na kuanza kuyafyeka matumbawe huku na huku, tukawa tumeondoa nanga na kuleta msumeno. Dawa ni kiboya kidogo kinachofungwa katikati ya kamba, kisichofika juu kabisa; kazi yake ni kuishikilia kamba isiguse chini hata maji yakiwa yametoka.

Zege lenyewe halibebeki na ngalawa. Tuliliacha pwani maji yakiwa yametoka, tukalizungushia madumu matupu yaliyofungwa vifuniko, tukakaa kitako tukisubiri. Maji yalipojaa yalilinyanyua yenyewe. Tukalivuta taratibu hadi kwenye kipara cha mchanga baina ya matumbawe, wapiga mbizi wakafungua vifuniko dumu moja baada ya jingine hadi likashuka. Haliwekwi juu ya tumbawe kwa hali yoyote, hata kama nahodha anapapenda zaidi.

Manahodha hawakufurahi. Hoja yao ilikuwa ya haki: "Boya akishalifunga mwenzangu, mimi nikae wapi?" Makubaliano ni kwamba boti ya pili inafunga kwenye mkia wa ya kwanza, na ya tatu inangoja nje huku injini ikiwa taratibu. Hiyo ya tatu inaunguza mafuta. Kwa hiyo wamepangiana saa za kufika, jambo ambalo hakuna semina iliyowahi kuwafanya walifanye. Bei ya petroli imewafundisha.

Jingine tulilogundua kwa kukaa tu pembeni na kutazama: mgeni hasimami juu ya tumbawe kwa ujeuri. Anasimama kwa sababu amechoka, maji yameingia kwenye miwani, hajui kuogelea vizuri, na chini yake anaona kitu kigumu. Tulipoongeza majaketi ya kuelea, kila asiyejiamini akavaa, kusimama kukapungua sana. Nahodha anasema maneno mawili kabla watu hawajaruka: msiguse, msisimame. Baadhi yetu walitaka tuweke na bango la mafuta ya kujipaka dhidi ya jua. Hawaii walitunga sheria mwaka 2018 ya kuzuia aina zenye kemikali mbili zinazoshukiwa kudhuru matumbawe, na Palau wana katazo lao tangu 2020. Mimi sina ubishi na hilo, mgeni akivaa fulana ya mikono mirefu ni bora zaidi. Ila nikiwa na fedha ya kitu kimoja nanunua kamba, si bango.

Mwisho wa Disemba: pweza

Pembe moja ya mwamba imefungwa. Hakuna kuchokoa pweza hapo hadi Machi.

Hili si wazo letu. Kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagascar, walijaribu mwaka 2004, na wenzetu wa Kisiwa Panza kule Pemba wamelifanya pia. Linafaa kwa pweza kwa sababu pweza hukua haraka mno; anayeachwa miezi mitatu si yule uliyemwacha. Jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai yake bila kula, yakianguliwa naye anakufa. Ukimtoa kabla hajataga umemtoa na uzao wake wote.

Faida ya pili haitajwi sana, nayo ndiyo iliyonivutia mimi. Bamvua likitoka, watu wengi hutembea juu ya mwamba, na pweza akigoma kutoka shimoni, mwenye haraka huvunja tumbawe. Kuufunga mwamba ni kuupumzisha na miguu na vyuma.

Waliolibeba jambo hili ni kina mama. Bi mkubwa mmoja, aliyeanza kuchokoa pweza tangu hajavunja ungo, aliwaambia vijana wa kuzamia waliokuwa wakinung'unika: "Nyinyi wanangu mna miwani na viatu vya bata, mnamfuata pweza hata maji yakiwa yamejaa. Sisi tunangoja yatoke. Sasa nani wa kulalamika?" Wakanyamaza. Tumefunga pembe moja tu, maeneo mengine yako wazi, kwa sababu watu wanakula kila siku na kamati haiwalishi.

Januari 2024

Tulikwenda Chumbe, baadhi ya wajumbe na manahodha wawili. Kisiwa kile kimehifadhiwa tangu 1994, hakivuliwi kabisa upande wa mwamba wake, na askari wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani waliofundishwa kazi. Wageni wanalala pale, lakini maji ni ya mvua yanayokingwa kwenye mapaa, na vyoo ni vya mboji, hakuna karo, yaani shimo la maji machafu, linalovuja baharini.

Manahodha walitazama maboya, kama nilivyotarajia. Mimi nilivitazama vyoo. Kwetu nyumba za wageni zinaongezeka kila mwaka, na chini ya kila moja kuna karo lililochimbwa kwenye jiwe la matumbawe ya kale, ambalo lina matundu kila upande. Kinachoingia humo kinapata njia ya kwenda baharini. Ni mbolea, na mbolea ikifika kwenye mwamba hustawisha majani ya baharini yanayoyafunika matumbawe. Nimeliingiza kwenye ajenda. Limeahirishwa. Nitaliingiza tena.

Februari 2024: bustani

Mfadhili apate picha zake. Tumesimamisha meza za nondo kwenye kina ambacho maji yakitoka zinabaki ndani, tukafunga vipande vya matumbawe ya matawi. Hatukukata hata kimoja kutoka kwenye tumbawe zima. Tuliokota vilivyokwishavunjika, vikiwa hai bado, vinavyobiringishwa na mawimbi mchangani ambako vingekufa. Kila kipande kinafungwa kisicheze. Kikicheza hakishiki.

Watu wanadhani kazi ni kupanda. Kazi ni kusafisha. Kila baada ya siku chache mtu anazama na mswaki wa meno, mswaki huuhuu wa dukani, akasugua nondo na miguu ya vipande kuondoa majani kabla hayajavifunika. Kisha anatazama konokono: wapo wadogo, hawazidi ncha ya kidole gumba, wanaojibana kwenye shina la tumbawe na kulila nyama, nyuma yao pakibaki mfupa mweupe. Unawatoa mmoja mmoja kwa mkono. Vijana wameipenda kazi hii, na kwa kuwa wanaingia humo mara kwa mara wamekuwa macho yetu.

Ni hao hao waliowaona watu wa kigumi upande wa mbali wa mwamba. Bwana diko alipigiwa simu, wakaondoka kabla doria haijafika. Wamevunja eneo la upana wa uwanja wa mpira wa watoto. Bustani yetu yote haifiki robo yake.

10 Machi 2024: kufungua

Jumapili, mwezi mwandamo, mfungo wa Ramadhani unakaribia. Tarehe ilichaguliwa makusudi. Bamvua la Machi ndilo linalotoa maji mbali zaidi, na pweza wa nazi ni kitu ambacho kila nyumba inakitaka kwenye futari, kwa hiyo bei ilikuwa juu.

Maji yalitoka saa nne asubuhi. Watu walijipanga ukingoni, sheha akapiga filimbi, wakaingia. Nilikuwa mezani na mizani. Pweza walikuwa wakubwa kwa macho hata kabla ya kupimwa, wakakaa kwenye ndoo mikono ikimwagika nje. Madalali wa Mjini walikuwa wamekuja, na ubishi wa bei ulikuwa mtamu. Kina mama waliuza pamoja, hakuna aliyekwenda pembeni kupunguza bei, na hilo kwangu lilikuwa kubwa kuliko uzito.

Mabaya yasemwe pia: katika saa ile moja watu wengi mno walikanyaga sehemu moja. Safari ijayo tutafungua kwa zamu, kina mama wa miguu kwanza, wazamiaji siku ya pili. Vijana hawajakubali bado.

Jambo jingine. Maji ya kwenye madimbwi yalikuwa moto kuliko kawaida. Mzee mmoja wa mshipi aliingiza mkono akasema, "Haya si maji ya Machi."

Aprili 2024: joto

Mzee alikuwa sahihi.

Matumbawe ya matawi yalianza kwa kung'aa. Yalitoa rangi za waridi na buluu ambazo hatukuwahi kuziona, wageni wakafurahi na kupiga picha. Kisha yakawa meupe pe. Ya mviringo yalifuata, mengine yakibaki na madoa.

Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake wanaishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Ni mwenye nyumba anayelishwa na wapangaji wake: mimea hiyo inatengeneza chakula kwa jua na kumpa sehemu kubwa ya anachokula. Bahari ikizidi kiwango chake cha juu cha kiangazi kwa nyuzi 1 tu ya selsiasi, joto likakaa wiki kadhaa, wapangaji wanatolewa nje. Weupe tunaouona ni mfupa kupitia nyama iliyobaki wazi. Hajafa bado. Ana njaa. Joto likishuka mapema, wapangaji hurudi.

Tarehe 15 Aprili shirika la Marekani linalofuatilia bahari na anga, NOAA, lilitangaza kwamba huu ni weupe wa dunia nzima, wa nne kuwahi kurekodiwa. Wazee wanaukumbuka wa 1998, ulioharibu vibaya miamba ya upande huu wa Bahari ya Hindi, na sisi tunaukumbuka wa 2016.

Mfadhili ameuliza kama tunaweza kuzihamishia meza kwenye maji baridi. Tumezishusha chini zaidi kidogo. Sehemu kubwa ya vipande vimekufa hata hivyo. Vijana wamevunjika moyo, na sikuwa na maneno mazuri ya kuwaambia zaidi ya kuwataka waendelee kuingia na kuandika lipi limekuwa jeupe na lipi halikuwa. Maana yapo yaliyosimama, tumbawe la aina ileile, ubavuni mwa lililokufa. Hayo ndiyo tutakayoyatafutia vipande siku zijazo.

Mei 2024

Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4. Kwetu tulipata upepo, mvua na bahari chafu. Boti zilipandishwa pwani. Maboya yalishika isipokuwa moja, kamba yake ilikatika palepale ambapo mpira ulikuwa umechanika. Zege halikusogea. Meza moja ya bustani ilipinduka.

Julai 2024: waliobaki

Kusi limetulia kidogo, maji yamepoa, tumeingia kuangalia. Ya mviringo mengi yamerudisha rangi. Ya matawi, mengi yamekufa na yameshaota majani. Sasa hapa ndipo mambo yote yanapoamuliwa, na hayaamuliwi na wapandaji wa matumbawe. Tumbawe lililokufa likifunikwa na majani, watoto wapya hawana pa kutua. Wanaoyala majani ni samaki: pono, kangaja na tasi. Pono hukwangua jiwe kwa mdomo wake kabisa, ukizama kimya unamsikia. Ukiwamaliza hawa umeufunga mlango.

Kikande naye ana kazi yake: huvunja na kula wale wanyama wa miiba wanaojichimbia kwenye mwamba. Akivuliwa akaisha, wao huzaana na kuuguguna mwamba wenyewe. Watafiti wameliona hilo waziwazi kwenye miamba ya Kenya iliyovuliwa kupita kiasi.

Kwa hiyo kikao cha mwezi huu kilikuwa cha dema. Wenzetu wa Kenya wamejaribu madema yenye mwanya ubavuni, samaki mdogo na mwembamba akatoka, mkubwa akabaki. Wavuvi wetu wanne wamekubali kujaribu kwa dema moja moja kila mmoja. Mzee wa dema mwenye sauti kubwa kuliko wote alisema samaki wadogo ndio kitoweo cha nyumbani, wakubwa ni wa kuuza. Ni kweli. Hatujapata jibu linalomtosha, na sitaki kuandika hapa kwamba tumelipata.

Septemba 2024

Wapo wanaotuandikia kutoka Dar, Muscat na kwingineko wakiuliza wasaidieje. Wengi wanataka kununua tumbawe moja lipandwe kwa jina la mtoto. Ahsanteni, lakini naomba msitume fedha ya hilo.

Ukija kutembea, muulize nahodha kabla hujalipa: unafunga kwenye boya au unatupa nanga? Swali hilo likiulizwa na wateja wengi linafanya kazi kuliko barua ya idara. Ukila kwenye mkahawa, samaki wa mwamba aliye mdogo kuliko kiganja mwache, nguru na jodari wa maji makuu wapo. Usinunue makombe na vipande vya matumbawe vya mapambo. Lile kombe kubwa la kupulizia baragumu, mwenyewe akiwa hai, ni mmoja wa wachache wanaomla yule nyota wa miiba anayemaliza matumbawe. Na kama unajenga nyumba ya wageni pwani, na wengi mlioko nje ndio mnaojenga, jengeni tangi la maji machafu lisilovuja. Hilo ni karo langu la Januari, bado liko kwenye ajenda.

Kuhusu joto, sisi wa mwamba mmoja hatuna la kulifanya. Ripoti ya wanasayansi wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa ya 2018 ilisema joto la dunia likipanda nyuzi 1.5 tutapoteza asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe, na likifika 2 karibu yote. Mwaka 2021 mtafiti wa matumbawe David Obura wa Mombasa na wenzake waliandika kwamba miamba yote ya magharibi mwa Bahari ya Hindi iko kwenye hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Kijana mmoja wa bustani aliniuliza basi tunahangaika nini. Nikamwonyesha daftari lake mwenyewe: mwamba wenye pono umeanza kusafika, ule uliopigwa kigumi bado ni kifusi. Joto lilikuwa lilelile pande zote mbili.

Kazi zilizo mbele: kufunga pembe ya pweza tena Disemba, safari hii kubwa kidogo, tarehe ya kufungua bado inabishaniwa. Manahodha wamekubali kila boti itoe ada ndogo ya kamba, isipokuwa wawili wanaosema watoe wenye hoteli. Bustani inabaki na meza zilizosimama, haiongezwi. Kamba mpya zimeagizwa Mjini na mipira minene zaidi, zibadilishwe zote kabla kaskazi haijaanza kuleta wageni.